Ukuta Mbishi wa Jumapili ya Mavuno

Nilifuta programu ya zamani kabla ile mpya haijafika. Naanza na hilo ili usilisikie kwa mama kwanza, maana yeye huongeza chumvi mpaka mimi mwenyewe namwonea huruma huyo mtoto anayemsimulia.

Mama ni mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, huku Engutoto. Aliwabembeleza sana wazee wa kanisa waruhusu maneno ya nyimbo yaonyeshwe ukutani kwa projekta. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alishikilia kwamba kazi ya ukuta ni kushika paa. Mwisho wakampa mama Jumapili moja ya majaribio, ya Mavuno: akifaulu, ukuta ni wake, akiharibu, tunarudi vitabuni moja kwa moja. Naye akatunga wimbo mpya kabisa, usiokuwemo kwenye kitabu chochote, ili watu wauhitaji ukuta kweli kweli.

Mimi ndiye fundi wake. Yaani, ndiye niliyekuwa karibu. Asubuhi ile, mama akiwanoa waimbaji nje, jirani na mbuzi wa sadaka, nikaona programu ya nyimbo ina toleo jipya, lenye maneno yanayoingia yakiyumba kama yamekunywa mbege. Nikaona si vizuri waumini kukosa uhondo huo. Kompyuta ikauliza kama ifute ya zamani. Ndiyo. Na nyimbo zilizohifadhiwa? Ndiyo. Na programu ya kuandikia? Ndiyo. Nilijibu kama bwana harusi. Ndipo ikaenda kuchukua mpya kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayogawa programu, ikarudi mikono mitupu: seva haipatikani. Nikajaribu tena. Haipatikani. Nikaihamishia dirishani simu iliyokuwa inaipa kompyuta mtandao, nikidhani mtandao ndio kimeo. Mtandao ulikuwa mzima. Seva ndiyo ilikuwa imelala. Nikaomba. Angalau kwa hilo nilikuwa mahali panapofaa.

Kengele ikagongwa. Kitu pekee kilichokuwa bado kinakubali herufi ni lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambamo nilikuwa naibembeleza seva. Nikaanza kunakili humo wimbo kutoka kwenye karatasi ya mama, mstari mmoja mmoja. Tatizo ni kwamba humo kila ukimaliza mstari, kompyuta inadhani umeituma kazi.

Nikaandika: Twakushukuru kwa migomba yetu. Kwaya ikaimba, waumini wakafuata. Chini yake kompyuta ikajibu kwa Kiingereza. Mzee mstaafu akavaa miwani, akawatafsiria majirani zake kwa sauti ileile ya darasani: "Inasema haijui kitu kinachoitwa Twakushukuru."

Nikaandika: Mvua umetupa, mahindi yamekomaa.

"Mvua pia haijui," akasema mzee.

Mabega ya watu wa mbele yakaanza kutikisika. Nikamtazama mama: mikono yake ilikuwa inaongoza kwaya, macho yalikuwa yananizika. Kufika ubeti wa pili, kanisa zima linaimba mstari, halafu linanyamaza kumsubiri mzee atoe jibu la ukuta. Bibi mmoja aliyekuja na mkungu wake akataka kujua kama inazijua ndizi. Kwa bahati mstari uliofuata ulianza na ndizi. Haizijui.

"Basi imekulia mjini hiyo," bibi akasema, na mchungaji akainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

Wimbo uliimbwa mpaka mwisho na watu wote, hata mzee. Baada ya ibada wazee wakamwita mama ofisini, wakafunga mlango. Mimi nikabaki nje na mbuzi, ambao nao walikuwa hawajui kesho yao. Mama alipotoka nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo. Badala ya marahaba alinipa projekta niibebe, akatangulia hatua chache, ndipo akasema:

"Ukuta tumepewa, maana kanisa zima liliimba. Wazee wameuliza nani alikuwa anawajibu vile, wewe au kompyuta. Nimewaambia ni wewe. Kompyuta bado naihitaji."