Dirisha la Magunia

Maktaba niliyoipenda kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala zamani ilikuwa ghala la kahawa. Ushirika ulipokufa, jengo liliachiwa popo, kisha watu wakalipaka rangi ya bluu, wakaingiza rafu na meza, wakaletewa mkutubi. Harufu ya kahawa haikutoka. Mlango ulikuwa mmoja, wa chuma. Ukutani upande wa pili, usawa wa kiuno, palikuwa na dirisha pana lisilo na nondo. Zamani magunia yalisukumwa hapo yakaangukia kwenye lori. Nalitaja mapema kwa sababu kila mtu Tarime anayeikumbuka maktaba ile huanzia kwenye dirisha hilo, na huanza kwa kucheka. Mimi sicheki.

Niliingia pale mara ya kwanza nikikimbia mvua. Nilikuwa nimetoka machimboni na matope hadi magotini, nimepanga chumba Turwa kwa mama mmoja aliyenidhania mgonjwa kwa sababu nilikaa na taa nikisoma makaratasi. Shule niliiacha darasa la sita. Watu hudhani anayeacha shule anachukia kusoma, na sijui wanayatoa wapi hayo. Mimi nilichoka kukaa. Nimepalilia mahindi ya watu Busawe, nimebeba mizigo Sirari, nimechekecha mchanga wa dhahabu mpaka kucha zikalainika, na popote nilipokuwa nilisoma kilichokuwepo: gazeti lililofungia maandazi, maelezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, tangazo la msiba wa mtu nisiyemjua.

Mkutubi alikuwa dada wa Pwani aliyepangiwa kazi huku. Baridi ya Tarime ilimtesa, alivaa sweta mbili. Siku ile ya mvua hakuniuliza kitambulisho, aliniuliza kama najua kusoma kwa sauti.

"Najua."

"Basi njoo Jumamosi. Nina watu wanaotaka kusikia, mimi lafudhi yangu wanaicheka."

Jumamosi yetu ilianza soko likishapoa. Atakaye anasoma, wengine wanasikiliza, na ambao herufi zinawapiga chenga wanakaa benchi la mbele wanafundishwa. Mimi nilipanga viti, nikasoma, na pale Kiswahili kilipowaacha watu nyuma nikageuza kuwa Kikurya. Walikuja wachimbaji kutoka Geita na Shinyanga, mashimo yao yakijaa maji. Walikuja wazee wawili kusinzia. Lakini waliojaza chumba ni wanawake wa sokoni, na hao walikuwa karibu wote wa ukoo mmoja, kwa sababu mmoja alikuja akamleta wifi yake, wifi akamleta mke mwenzake, hivyo hivyo hadi benchi likazidiwa.

Huyo wa kwanza aliuza dagaa. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye ulimi ambao wateja waliuogopa kuliko bei. Alikuwa na simu ndogo ya tochi na binti mmoja aliyeolewa mjini hapo hapo. Siku moja simu ikalia kwa ujumbe, mikono yake ina chumvi, akampa mpita njia amsomee. Yule akasoma kwa sauti ya mnada, meza nzima ya dagaa ikasikia kwamba binti ameharibikiwa mimba. Kabla mama hajaondoka sokoni, pole zilishaanza kumjia kutoka meza za nyanya.

"Mtoto wangu alinong'ona," aliniambia, "nao wakampigia tarumbeta. Nifundisheni. Nataka maneno ya binti yangu yaishie kwangu."

Hakusema tena habari hiyo. Ila alisoma kama mtu anayechimba. Herufi iliyomshinda aliitukana kwa Kikurya, kisha akairudia.

Wakati huo huo kamati iliyosimamia jengo ilianza kuitaka Jumamosi yetu. Kulikuwa na mtu aliyetaka kukodi chumba afundishie masomo ya ziada, wanafunzi walipe. Mkutubi akabishana nao hadi wakakubali jambo moja: watakuja na mgeni rasmi kuona. Wakikuta watu wazima wanasoma kweli, tunabaki. Wakikuta viti vitupu, chumba kinakodishwa.

Tukamchagua mama wa dagaa asome mbele ya wageni. Angesoma ukurasa wa jarida la kilimo kuhusu ugonjwa wa kuku. Aliuchagua mwenyewe, kwa sababu kuku wake walikuwa wamekufa mwaka huo na alitaka kujua nani alaumiwe. Alifanya mazoezi juu ya magunia ya dagaa, akisogeza kidole: "Kideri ha-ki-na tiba. Kuku wa-chan-jwe mapema." Wenzake walimtania.

"Mheshimiwa akija, usimwambie hana tiba."

"Nitamwambia achanjwe," alijibu, bila kuinua kidole.

Siku ilipofika nilipanga viti nusu duara, nikapiga deki mara mbili. Wageni walikuja mapema kuliko tulivyowatarajia, gari likaegeshwa juani. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa mbali, aliyehamishiwa huku karibuni, mchangamfu, mwenye haraka. Pamoja naye wanakamati wawili, na mmoja wao alikuwa Mkurya wa hapa hapa, rika la kaka yangu, mtu mwenye wakwe zake mwenyewe. Mkumbukeni huyo.

Dereva alibaki nje akijifuta jasho. Mkutubi akamwonea huruma.

"Kaka, utaungua huko. Ingia ndani upate kivuli."

Mgeni rasmi akapendezwa. Akampa simu yake: akae karibu na mlango, awapige picha wasomaji wakiingia. Dereva, mwanamume mnene, mpole, akakaa kwenye kiti cha kwanza kabisa, uso kwa mlango. Ilikuwa huruma tupu. Nimetafuta miaka yote mtu mbaya wa kumlaumu kwa tendo lile na sijampata.

Tukasubiri. Wazee wawili waliingia, wakasinzia. Wachimbaji wawili wakaingia. Benchi la mbele likabaki tupu. Nilisikia sauti za wanawake nje, nikatoka. Nikawakuta wote nyuma ya tangi la maji, wamejibanza ukutani, mama wa dagaa katikati, ameshika jarida lake kifuani. Alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Shikamoo mama. Mbona huku? Wageni wamefika."

"Marahaba. Nenda ndani ukasome wewe."

"Mimi wananijua. Wanakusubiri wewe."

Wifi yake akaniangalia kama mtu anayemwangalia mpumbavu. "Kijana, mura, umezurura hadi umesahau kwenu? Yule dereva aliyekaa mlangoni ndiye mume wa binti yake huyu."

Nikaelewa. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali mbele yake, akimwona njiani anapisha mbali. Vijana wa mjini wanailegeza siku hizi, lakini mama huyu hakulegeza kitu chochote maishani mwake. Na mkwe kwetu si wa mtu mmoja. Wifi zake na wake wenza walikuwa mama wakwe vilevile. Kiti kimoja kilikuwa kimefunga mlango kwa benchi zima.

"Nitamtoa," nikasema. "Nyinyi rudini nyuma kidogo apate kupita."

"Mtoe kwa adabu," mama akasema. "Asijue nimesimama hapa. Ataona aibu."

Nikaingia nikamnong'oneza mkutubi. Alinisikiliza akitabasamu kwa wasiwasi. Kwao Pwani mkwe ni mtu wa kutaniwa, wa kufungiwa mlango hadi atoe zawadi, na wanacheka wote.

"Mkwe wake? Si ndiyo vizuri, amwone mama anasoma!"

"Dada, hawezi kuingia. Mwambie dereva atoke."

"Simu ya mgeni iko mkononi mwake, ameagizwa picha. Nitamfukuzaje? Ngoja, mama anaogopa tu, mimi namjua."

Nilimfuata dereva, nikainama sikioni mwake. "Mama mkwe wako yuko nje, anataka kuingia."

Aliganda. "Nje wapi?"

"Anarudi nyuma, utapita."

Alianza kusimama. Lakini mkutubi alikuwa ameshatoka. Alimpenda yule mama, nami najua alichokifanya alikifanya kwa mapenzi: alimshika mkono, akamzungusha tangi, akamvuta hadi mlangoni akisema kwa sauti ya furaha, "Karibu mama yetu, usiogope, hakuna anayekula mtu humu!"

Wakaonana uso kwa uso. Palikuwa na hatua moja kati yao, labda hata hiyo haikuwepo.

Mama alivuta kitenge akajifunika uso, akageukia ukuta. Mkutubi bado amemshika mkono. Dereva akatazama mlango, na mlangoni yupo mama mkwe. Akatazama huku na huku kama ng'ombe kwenye josho. Kisha mwili wake mnene ukavuka chumba, ukapita katikati ya viti nilivyovipanga, ukagonga meza ya soda za wageni, ukapanda dirisha la magunia. Alikwama kiunoni. Miguu ikapiga hewa. Mmoja wa wachimbaji, kwa kusaidia, akamsukuma, naye akaangukia nje na simu ya mgeni rasmi mkononi.

Halafu mgeni rasmi akacheka, kicheko cha kweli, hadi akashika meza.

"Huyu naye ana nini? Anadaiwa na huyu mama?"

Nikamgeukia yule mwanakamati wa hapa hapa. Yeye alijua. Alijua tangu mama alipofunika uso, hakuhitaji kuelezwa na mtu. Neno moja tu lingetosha: mheshimiwa, ni mkwe wake, tumpe nafasi, tuanze upya. Lingetoka kinywani mwa mtu mwenye tai likasikika. Nilimtazama nikingoja. Naye akacheka pamoja na mgeni, akafuta soda iliyomwagikia suruali yake, akasema, "Watu wetu hawa, mheshimiwa. Ushamba haujaisha."

Nikaanza kueleza mimi. Nilieleza vibaya, kwa hasira, na matope yangu ya jana yalikuwa bado kwenye viatu. Mgeni aliitikia kwa heshima, macho yake kwenye benchi tupu. Nje, mama alikuwa ameunyofoa mkono wake na kuondoka, wenzake nyuma yake. Jarida lilibaki kwenye kizingiti, limekanyagwa.

Mgeni rasmi hakuwa mkatili. Aliposimama kuaga alimwambia mkutubi, kwa sauti ya mtu anayefariji, "Umejitahidi sana, binti. Ila kitabu hakilazimishwi. Jamii haijawa tayari." Na mwanakamati akaongeza kwamba wanafunzi, wale wa kulipa, angalau wao wangekaa kwenye viti.

Mkutubi alikaa sakafuni kati ya rafu. "Kwa nini hakuna aliyeniambia kabla?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia siku ile ile! Nimekaa nanyi muda wote huu, mnanifundisha kusalimia, mnanicheka sweta, na hilo hamkuniambia."

Mambo kama hayo hayasemwi. Kuyasema tu kunatia aibu, basi tunayaacha mgeni ayajue kwa kuyavunja.

Jumamosi iliyofuata walimu wa masomo ya ziada walining'iniza ubao wao juu ya ramani yetu ya ukutani. Mkutubi aliomba uhamisho, akaupata upesi. Vijana wa bodaboda walimbatiza dereva jina la dirisha, wakawa wanampigia honi akipita. Mtu asiyewahi kumkosea mama mkwe wake hata kwa kivuli akawa kichekesho cha mji kwa sababu alimheshimu.

Nilikwenda sokoni kumrudishia mama jarida lake. Nilikuwa nimelinyoosha kwa pasi ya mkaa, alama ya kiatu haikutoka. Hakulipokea. Akanipa simu yake ya tochi.

Ujumbe ulikuwa wa binti. Aliandika kwamba mumewe hali nyumbani, hasemi, watu wanamcheka, na kwamba anamwomba mama yake, tafadhali, asiende tena mahali pale.

"Pole, mama."

"Usinisomee," akasema, akaichukua simu. "Nimeusoma mwenyewe. Wote. Hata hapo kwenye 'tafadhali' sikukwama."

Akaangalia meza za jirani. Mama wa nyanya alikuwa anapanga mafungu, hajui lolote. Yule mpita njia wa tarumbeta hakuwepo. Maneno ya binti yake yalikuwa yameishia kwake, kama alivyotaka.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nini? Nimeambiwa nisiende, siendi." Akazoa dagaa kwa kopo, akamimina kwenye mfuko wa mteja, akaongeza konzi. "Na wewe, mura, unasimama mbele ya biashara yangu. Nunua au upishe."

Nilipisha. Wiki hiyo hiyo nilipanda gari la Musoma, nikiwa na lile jarida kwenye begi. Nimelisoma mara nyingi tangu hapo, hasa ukurasa ule, kwa sababu ndivyo nilivyo, nasoma kilichopo. Kideri hakina tiba, wanasema, na wanashauri banda lifungwe mgeni asiingie.