Siku Laptop ya Mkuu wa Shule Ilipojitangaza Imeibiwa

Nichekeni kabisa mmalize, ndiyo niwasimulie, maana mpaka leo nikipita nje ya ukumbi wa shule yetu nashusha macho, na wapo wazazi wakiniona sokoni wanaangalia nyanya kwa makini sana ili wasinicheke usoni.

Mie ni mwalimu wa kompyuta kwenye shule moja ya binafsi huku Kinondoni. Wakati huo nilikuwa na miezi miwili tu kazini, bado naangaliwa kama nafaa, na pamoja na kufundisha nilikuwa nasimamia laptop zote za shule. Sasa laptop zetu haziko huru kama yako ya nyumbani. Zote zinaongozwa na mfumo mmoja, na mfumo ndio unaoamua nani afungue nini: za chekechea zinaimba nyimbo na kuonyesha wanyama, za sekondari zina masomo, ya mkuu wa shule ina kila kitu. Na mfumo unaitambua kila mashine kwa namba iliyomo kwenye bodi yake, ile sahani kubwa ya ndani inayobeba vyote.

Basi wiki ya mkutano wa wazazi, mkuu wetu, Madam Kemilembe, akaimwagia chai laptop yake. (Madam ni mama mpole wa Bukoba, lakini akikuita jina lako pamoja na la baba yako, ujue umekwisha.) Nikaikimbiza Mwananyamala kwa Fundi Shomari, mtu mzima mwenye miwani mbili, moja puani, moja kwenye paji la uso. Akaifungua, akainusa, akasema, "Bodi imekufa, mwalimu. Diski nzima, faili zote zipo. Nitafutie bodi nyingine." Nikakumbuka kabatini kuna laptop ya chekechea iliyopasuka kioo, aina ileile, nikampelekea, akahamisha bodi, Ijumaa mchana mashine ikawaka.

"Ila sikiliza," akaniambia. "Hii sasa ina bodi ya watoto. Usiiunganishe na intaneti kabla hujaisajili upya kwenye mfumo wenu, la sivyo itajiona ya chekechea."

"Inachukua muda gani?"

"Nusu saa. Kaa hapo tuifanye sasa hivi, intaneti ninayo."

Nusu saa, jamani! Lakini mie nilikuwa na miadi ya kusuka Tabata, na msusi mwenyewe nilimbembeleza wiki nzima, na nikajiambia mkutano unahitaji picha na matokeo tu, vyote vimo kwenye diski, intaneti ya nini? Nikamwambia Fundi nitafanya Jumatatu, nawahi saluni. Akatikisa kichwa, nikaondoka zangu.

Jumamosi ukumbi ukajaa mpaka milangoni. Wazazi walikuja kuamua kama wanakubali watoto wa kidato cha kwanza wapewe laptop za shule waende nazo nyumbani, jambo ambalo Madam alilipigania mwaka mzima, na mbele kabisa alikaa mwenye shule, Mzee Murtaza, Mhindi mzaliwa wa hapahapa mjini ambaye Kiswahili chake kinatuaibisha wengi. Madam akaanza vizuri, picha zinapita kwenye ukuta, wazazi wanaitikia kwa vichwa, na mie nimekaa pembeni na nywele zangu mpya nikijiona wa maana. Mara Mzee Murtaza akasema kwa upole, "Madam, waonyeshe na ile video ya watoto iliyoko kwenye tovuti yetu." Kabla sijainuka, Madam ameshawasha intaneti.

Picha zikapotea. Ukutani akatokea bata mkubwa wa njano mwenye kofia, na spika za ukumbi, ambazo mie mwenyewe asubuhi nilizipandisha sauti, zikaanza kuimba a, e, i, o, u. Wazazi wakacheka, wengine wakaitikia kabisa. Madam anabonyeza huku na kule, kila akibonyeza bata anapiga makofi.

Hadi hapo bado ningeweza kupona. Nikatoa simu, nikaingia kwenye mfumo, nikaitafuta ile mashine ili niitoe kwenye kundi la chekechea, lakini kwenye simu vile vitufe vimebanana, "Ondoa" na "Imeibiwa" vinakaa kama mapacha, na kidole changu kilikuwa kimelowa jasho. Bata akanyamaza. Ukuta mzima ukawa mwekundu: KOMPYUTA HII IMEIBIWA. UKIIONA, TOA TAARIFA SHULENI. Halafu king'ora.

Na mbele ya maandishi hayo amesimama Madam Kemilembe, mikono juu ya hiyo laptop.

Nikachomoa waya wa spika. Baba mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, "Sasa hizo ndizo wanataka wanetu waje nazo nyumbani? Watoto watatuletea polisi!" Mzee Murtaza akageuka. "Mwalimu, hii imetokea vipi?"

Hapa ndipo penye aibu yenyewe, ile ya bata ni ya kucheka tu. Madam alikuwa ananiangalia, wazazi wananiangalia, na mie mdomo wangu ukasema, "Ni fundi, mzee. Hakuitengeneza vizuri."

"Mpigie," akasema Mzee Murtaza. "Weka sauti tusikie wote." Na akanisogezea maikrofoni.

Fundi akapokea. Nikasema kwa ukali wa kuigiza, "Fundi, ile laptop imetuharibikia mbele ya wazazi, ulifanya nini?"

"Mmeiunganisha na intaneti?" akauliza. "Mwalimu, si nilikwambia? Nikakwambia kaa nusu saa tuisajili, ukasema Jumatatu, unawahi saluni kusuka!"

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja akasimama kabisa ili azione nywele vizuri. Nilitamani niingie chini ya meza, na nadhani ningeingia, ila nilimwona Madam amekaa chini taratibu na kufunga daftari lake, kama mtu aliyeona mwaka wake mzima umemwagika. Nikashika maikrofoni.

"Wazazi wangu, fundi amesema kweli, na mie nimesema uongo. Mashine hii haijaibiwa, ni ya Madam, kosa ni langu. Naomba nusu saa ile ambayo sikuitoa jana. Kaeni muone inavyotengenezwa, muamue wenyewe."

Mzee Murtaza akatazama saa. "Nusu saa," akasema.

Fundi hakukata simu. Yule niliyetoka kumchafua mbele ya umma akaniuliza, "Uko tayari? Usifute chochote, matokeo ya Madam yamo humo." Nikaondoa ile alama ya wizi, nikaisajili, nikaizima, nikaiwasha: bata. Ukumbi "aaah!" Nikarudia, bata tena. Nilishaapa moyoni sitoki pale. Fundi akasema, "Jina la zamani bado limo kwenye mfumo, mwalimu, lifute kwanza." Nikalifuta, nikasajili upya, nikaiwasha. Tukasubiri, watu zaidi ya mia wanaangalia kiduara kinazunguka ukutani. Likatokea jina: MKUU WA SHULE. Na picha za Madam zote.

Walipiga makofi, na baba yule wa nyuma akasema, "Kumbe hata ikiibiwa kweli inajisema yenyewe? Hiyo nzuri." Ombi la laptop likapita. Mie barua ya onyo nilipewa vilevile, Madam akanikabidhi mwenyewe, akiniita jina langu na la baba yangu.

Jumatatu nilienda Mwananyamala, na kwa kuwa nilimwaibisha Fundi mbele ya watu, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Akahamisha miwani, akasema, "Yamekwisha. Shika hii taa, nimulikie hapa."

Siku hizi mashine ikitoka kwa fundi siinuki mpaka nimeliona jina lake sahihi kwenye mfumo, hata kama kuna harusi. Na nikikosea nasema mwenyewe kabla sijaulizwa. Inauma vilevile, lakini inauma mara moja.