Kamera Iliyotaka Jua

Mdogo wangu Kanubhai alikuwa fundi cherehani hapa Mwanza, na hakuna mtu aliyewahi kumrudishia nguo. Nasema hivyo kwanza, kwa sababu siku hizi watu wanamkumbuka kwa ile kamera tu, wanatikisa kichwa: "Maskini yule Mhindi." Maskini gani? Wafugaji wakishauza ng'ombe, wakulima wakishauza pamba, wote walipanda barazani kwake kupimwa, naye aliwatania kwa Kisukuma chao mpaka wakasahau kubishana bei.

Mke wake alifariki akamwachia binti mmoja, Jayshree. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume, nikahamia kwake nikamlea mtoto. Mama yule hakuacha hata picha moja. Siku moja Jayshree akaniuliza, "Shangazi, mama alikuwa na sura gani?" Nikamwambia, "Kama wewe." Kanubhai alisikia. Cherehani ikanyamaza, na hakuikanyaga tena jioni ile.

Kwa hiyo Jayshree alipochumbiwa Bukoba, ng'ambo ya ziwa, mdogo wangu alisema safari hii sura haipotei. Atanunua kamera ya sinema, ile ya picha zinazotembea, ili amwone binti yake akicheka na kugeuza kichwa hata akiwa mbali.

Tulikwenda dukani kwa Shamshudin. Akatuwekea mbili juu ya meza. Moja kubwa, kioo chake kipana. Nyingine ndogo, nyeusi, unaizungusha ufunguo kama saa ya mezani.

"Kubwa inaona hata kivulini," Shamshudin alisema. "Ndogo ni rahisi, lakini inataka jua kali. Kivulini ni kipofu."

"Shamshudin bhai, jua Mwanza tunalikosa lini?"

"Nakwambia ukweli ninaoujua. Chukua kubwa."

"Kubwa ni bei ya cherehani yangu. Nikiuza cherehani, binti aolewe amevaa gunia?"

Tukacheka wote watatu. Akaichukua ndogo. Shamshudin akamwambia, "Basi kumbuka, jua liwe mgongoni kwako."

Baada ya hapo Kanubhai akaanza kushona banda la harusi. Kwetu sisi bibi harusi anakaa chini ya banda la kitambaa, mbele ya moto, na mambo yote yanafanyika pale. Hakutaka fundi mwingine aliguse. Alichagua kitambaa chekundu kizito, akatia na bitana. Masalu, mfugaji wa Kisesa, alikuja kuchukua koti lake, akakishika kile kitambaa.

"Fundi, hili ni banda au zizi? Hata mvua itabisha hodi!"

"Ni la binti yangu, Masalu. Jua halitamgusa."

Alisema hivyo kwa mdomo wake, na kamera iko kwenye rafu juu ya kichwa chake.

Siku ya harusi alizungusha ufunguo, akapiga, akazungusha tena. Shamshudin alipoingia bandani alitazama juu, akamshika bega. "Kanubhai, humu ni giza." Mdogo wangu akaitazama kazi ya mikono yake, ile mishono iliyonyooka, isiyopitisha mwanga hata wa tundu la sindano. Lakini sala zilikuwa zimeanza, na bibi harusi haondolewi mbele ya moto.

Kukabaki kumuaga, nje. Bibi harusi akiondoka kwao anarusha mchele nyuma, kupita juu ya kichwa chake, na hageuki. Akigeuka ni mkosi. Kanubhai alisimama mlangoni, jua mgongoni kama alivyoagizwa, kamera inalia kwenye jicho lake. Jayshree akarusha mchele, akapiga hatua, kisha shingo yake ikaanza kugeuka.

"Bapu..."

"Usigeuke, mwanangu! Nenda."

Akaenda. Mtoto msikivu yule.

Filamu ilitumwa Ulaya kusafishwa. Kabla haijarudi, homa ilimchukua Jayshree huko Bukoba, mimba ikiwa changa. Habari ilikuja na meli, na meli ilipotufikisha sisi huko, tulikuta walishamchoma kwa desturi yetu, wamemaliza kila kitu. Tulionyeshwa majivu.

Filamu ilipofika, Shamshudin alituazima mashine ya kuonyeshea. Tulifunga madirisha ya nyumba yake mchana, tukatundika shuka jeupe kwenye kamba katikati ya chumba. Ikaanza giza. Giza tupu, na cheche za moto kidogo kidogo. Mimi nilisikia sala zile kichwani, lakini juu ya shuka hapakuwa na mtu.

Halafu jua likawaka. Mgongo wake. Nywele zake. Mchele unaanguka, karibu uingie mapajani mwetu. Shingo ikageuka, shavu likaonekana, shavu tu, kisha akanyooka akaenda zake.

"Rudisha," Kanubhai alisema.

Shamshudin akarudisha. Mgongo, mchele, shavu.

"Rudisha."

"Kanubhai, ni ileile."

"Rudisha, ndugu yangu."

Mchele ulipoanza tena kuanguka, mdogo wangu alinyanyuka kwenye kiti. Nilidhani anatoka nje kulia, maana alikuwa mwanamume wa heshima. Hakutoka. Alipita pembeni ya kamba, akaenda kusimama nyuma ya shuka, apate kumwona kwa mbele.