Bega Langu Liling'oka Usiku, Mlango Umefungwa kwa Ndani

Niliamka asubuhi bega langu la kulia halipo mahali pake.

Sijaanguka. Sijapigana. Nililala peke yangu geto, komeo nimepiga kwa ndani, na komeo nimelikuta vilevile.

Mkono umejikunja tumboni kama nimeficha kitu. Nikiugeuza nje, haugeuki. Nikapiga ukelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga.

"Filbert, kuna nini?"

"Mkono, Mama Ema! Nimechezewa!"

Na aliyenichezea nilishamjua. Obed.

Iko hivi. Mimi na Obed wote tulikuwa utingo wa bosi mmoja pale Makambako, mzee Patrick, ana Fuso za mbao. Mimi shule niliiacha form two, akili yangu yote iko kwenye usukani. Leseni ninayo, na Obed anayo. Bosi akasema Jumatatu ya wiki inayofuata nakabidhiwa gari, napeleka mzigo Dar.

Obed akanuna. Tukazinguana mbele za watu. Akanitolea jicho:

"Huo usukani hutaushika. Utakuja kuniambia."

Siku tatu mbele, bega hili hapa. Wewe ungewaza nini?

Mimi sikuficha. Mpaka saa sita mchana nimeshamwambia fundi, muuza chipsi, wapakia mbao wote. Makambako watu wanapita tu, ila maneno hayapiti, yanapanga gesti.

Nikaenda zahanati, wakanipiga picha. "Hakuna kilichovunjika. Msuli huo." Vidonge, sindano, nyumbani.

Shangazi Judith akanikanda na maji ya moto ya chumvi. Kila akikanda naona nyota. Siku ya tisa, mkono uko palepale tumboni.

Mshikaji wangu Edson akaniambia, "Jumapili tunamfuata Obed. Wewe njoo tu uangalie."

"Siji kuangalia. Wa kushoto bado unashika rungu."

Nilikuwa namaanisha. Nilitaka aulegeze huo mkono, au nimvunje na yeye wake.

Shangazi ndiye aliyeniokoa. Ijumaa akaja kasimama mlangoni. "Njombe kamekuja kadaktari kanatibu mabega. Kapo siku tatu tu. Vaa tuondoke."

Kadaktari kenyewe ni mama mnene, mrefu, sweta juu ya koti jeupe maana Njombe baridi haina heshima. Dokta Idda.

Hakunigusa. Alisema, "Vua shati," akakunja mikono, akawa ananiangalia tu navyohangaika na vifungo.

"Sasa nyoosha kiganja juu, kama unapokea karanga."

Cha kushoto kikapokea. Cha kulia kikagoma, kinaangalia sakafu.

Akachukua picha ya zahanati, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Wamekupiga kwa mbele tu. Nenda kapige nyingine, wapitishie kwapani."

Ilipokuja hiyo ya pili akanionyesha. Hata mimi wa form two niliona. Kichwa cha mfupa kimerudi nyuma, kimenasa kwenye ukingo wa bakuli lake.

"Bega likitoka kwa nyuma, picha ya mbele inadanganya. Inadanganya hata madaktari. Haya, lilitokaje?"

"Nimelogwa."

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Alikuloga kwa umeme?"

"Umeme tena?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Karibu mabega yote yanatoka kwa mbele. La nyuma nikiliona nauliza vitu viwili kabla ya vyote. Umepigwa na umeme? Au una kifafa? Maana hapo misuli yote inakaza kwa mpigo mmoja, inalisukuma bega nyuma."

"Mimi sina kifafa." Nilisema kwa sauti mpaka nesi akageuka.

"Asubuhi ile ulimi ulikuwa na kidonda?"

Nikaangalia dirishani.

"Godoro lilikuwa kavu?"

Hapo nikamchukia. Shangazi yuko pembeni, wagonjwa wamejaa benchi nje, mlango wazi. Na ni kweli. Kabla sijapiga ukelele ule nilikuwa nimeshaligeuza godoro kwa mkono mmoja, machozi yananitoka. Hilo sikumwambia mtu.

"Dokta, wewe si wa mabega? Ya godoro yanakuhusu nini?"

Akaenda kufunga mlango. Akavuta stuli, akakaa, magoti yetu yanakaribia kugusana.

"Nimesoma udaktari miaka mitano. Mwaka wa mazoezi. Miaka minne ya mifupa. Halafu mwaka mzima bega na kiwiko tu, ukija na goti nakuelekeza kwa mwenzangu. Nikajiona fundi. Nikapata kijana kama wewe, bega la nyuma, nikalirudisha safi, nikampa mkono. Ya godoro sikumuuliza. Baada ya mwezi karudi, kaangukia kwenye moto wa jikoni. Bega nililotengeneza lilikuwa zima. Mkono wenyewe umeungua wote."

Akachukua kalamu.

"Nani analala karibu na wewe?"

Nikampigia Mama Ema. Dokta akabonyeza spika.

"Mama Ema, kamwene. Usiku ule kabla sijapiga kelele, ulisikia kitu?"

"Kamwene. Kitu gani?"

"Chochote."

"Weee Filbert, usinichoshe. Kitanda kilikuwa kinagonga ukuta! Nikasema kijana kaleta mwanamke. Na mikoromo juu!"

"Mama Ema, sikuwa na mwanamke."

"Acha uongo. Mwezi huu mara ya tatu. Nilitaka nikuambie uhamishe kitanda."

Dokta akakata simu. Shangazi akajifunika uso na kitenge.

Mara ya tatu. Na mimi asubuhi zile mbili za kwanza, mwili unauma, nilijiambia ni pombe.

Mchana uleule walinilaza kwa dawa, akalirudisha bila kunipasua. Aliniambia ningesubiri wiki mbili zaidi, pengine angefungua na kisu. Niliamka mkono umefungwa umeelekea mbele, kama nataka kusalimia kila anayepita. Akaniandikia kwenda kwa daktari wa kifafa, nianze vidonge, wapige na picha ya kichwa kujua chanzo.

Halafu akaandika karatasi ya mwisho. Asiendeshe gari.

"Mpaka lini?"

"Mpaka huyo daktari aseme. Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa zaidi."

"Nikiichana?"

"Ichane. Mimi kesho naondoka, Makambako sikufuati."

Nilirudi nayo mfukoni. Nawaambia ukweli, nilikuwa naenda kuichana. Mkono ungepona, ningemwomba bosi anisubiri, nani angejua?

Jumamosi nikamkuta bosi yadi, Fuso imeshapakiwa mbao, turubai imefungwa.

"Filbert! Pole. Mkono ukikaa sawa utaondoka, gari nakutunzia. Na utingo wako nimeshampanga, mmalize huo ujinga wenu. Utaenda na Obed."

Dah.

Nikauona mlima Kitonga, njia ya Dar. Kona zile, tani za mbao nyuma, mimi nimekaza kama ubao, na aliyekaa kushoto kwangu ni Obed. Mtu niliyesema anataka kuniua.

Karatasi ikatoka yenyewe mfukoni.

Bosi akaisoma mara mbili. "Basi gari achukue Obed," alisema kwa sauti ya chini.

Nikamfuata Obed nyuma ya gari. Aliponiona akaokota spana.

"Weka chini, mwanangu. Sijaja kupigana." Nikamweleza yote. Hata la godoro.

Hakucheka. Nilitamani acheke.

"Mama yangu hajauza kiazi wiki nzima," akasema. "Watu wanapita meza yake wanatema mate. Mama wa mchawi. Usukani nautaka, ila nenda kwanza ukaseme pale sokoni ulivyosema hapa."

Nikaenda. Saa nne, soko limejaa. Mama Obed amekaa nyuma ya viazi vyake, hakuna mteja. 

"Jamani! Mimi Filbert. Obed hajaniloga. Nina kifafa. Nimeangushwa na kifafa, bega likatoka."

Dada aliyekuwa jirani yangu akavuta mtoto wake pembeni. Mwingine akaziba pua, kana kwamba kifafa kinaambukiza kwa hewa. Watu wakaacha duara kubwa, mimi katikati na mkono wangu wa kusalimia ambao hakuna aliyeushika.

Mama Obed akaninyooshea kidole kule mwisho, kwenye vibanda vya mitumba.

"Rudia. Kule hawajasikia."

Nikarudia. Kwa sauti.

Ndugu yangu unayesoma hii, ukienda kwa daktari usichague cha kumwambia. Lile unaloona aibu, anza nalo. Mimi nililificha siku tisa tu, na katika siku hizo mama wa watu hakuuza hata kiazi kimoja.