Damu Iliporudi Moyoni

Maumivu yalinikuta shambani kwangu Mamba, huku milimani, asubuhi, nikiwa nang'oa tangawizi. Hayakuwa ya kuchoma. Ilikuwa kama mtu amenikalia kifuani na hana mpango wa kuinuka. Nikajiambia ni vidonda vya tumbo, nikaendelea. Kiroba cha pili hakijajaa, mkono wa kushoto ukafa ganzi na jasho la baridi likanitoka. Binti yangu akanikuta nimekaa chini katikati ya matuta, mimi ambaye sikai. Akaita bodaboda. Tuliteremka hadi hospitali ya Same tukiwa watatu kwenye pikipiki moja, yeye nyuma amenikumbatia nisianguke.

Daktari aliyenipokea alikuwa msichana mdogo kuliko binti yangu. Alinibandika nyaya kifuani, akasoma karatasi iliyotoka kwenye mashine, akasema bila kunizungusha: "Mama, mshipa unaopeleka damu kwenye moyo umeziba. Kuna dawa ya kuyeyusha hiyo damu iliyoganda. Tukichelewa, msuli wa moyo unakufa."

"Sasa mbona bado tunaongea?" nikamjibu.

Dawa ikaingia mshipani. Baada ya muda kifua kikaachia, nikavuta pumzi ndefu. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Bendera, ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni. Kabla hata sijamwamkia, moyo ukaanza kukimbia ovyo, unadunda, unaruka, mashine inalia, macho yangu yakaingia giza. Nilipopata fahamu nilimsikia anafoka.

"Alikuwa ameshapata nafuu! Hiyo dawa yenu imemharibia moyo. Namtoa mdogo wangu, nampeleka kwa watu wanaojua."

Hao watu wanaojua niliwafahamu. Baba yetu alipobanwa kifua alipelekwa kwao, akanyweshwa mizizi siku tatu, tukazika.

Daktari hakupandisha sauti. "Mzee wangu, msuli ukikaa bila damu unadhoofika. Damu ikirudi kwa ghafla, nayo inaweza kuuumiza, na mapigo yakavurugika. Hilo tunalijua, ndiyo maana hatukumwacha peke yake. Sasa kazi yetu ni kuulinda moyo, kwa dawa na kwa kumwangalia. Ukimtoa, mapigo yakivurugika tena njiani, nani atamsaidia?"

"Ni kama ndiva," nikasema. Wote wakanigeukia. Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Nimeshaona ikifunguliwa yote kwa mara moja baada ya kiangazi, na maji yaleyale tuliyoyasubiri yakang'oa miche. "Kaka, maji yameng'oa miche michache. Ndiyo tuifunge ndiva?"

"Unaumwa, hujui unachosema."

"Najua sana. Siondoki. Ukitaka kunibeba, nibebe pamoja na kitanda."

Akatoka bila kuaga. Nililia alipoondoka, siwezi kusema uongo. Lakini nililia nikiwa palepale.

Mapigo yakatulia. Baadaye nikapelekwa hospitali ya rufaa, mshipa ukapanuliwa. Daktari wa huko aliniambia wazi kwamba sehemu ya msuli imekufa na haitarudi, ila kubwa imeokolewa. Nikapewa vidonge vya kila siku na ruhusa ya kutembea, kidogo kidogo.

Kaka alikuja kunichukua kwa gari la kukodi, na uamuzi wake tayari mfukoni: nihamie kwake Bendera, kwenye tambarare, shamba nimwachie binti.

"Milima itakuua."

"Milima haikuziba mshipa wangu. Nipeleke nyumbani."

Wiki ya kwanza nilitembea hadi kwenye mgomba wa mwisho nikarudi. Wiki ya pili nikafika barabarani. Kanisani mama mmoja alininong'oneza kwamba mwenye imani hahitaji vidonge. Nikamwambia imani ninayo na vidonge ninavyo, vyote kwenye mkoba mmoja.

Msimu uliofuata kaka alipanda kuja kunitembelea. Alinikuta napalilia, nimekaa kwenye kigoda, maana kuinama muda mrefu sikuwezi tena.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kwa hiyo umekataa kabisa kusikia."

"Nasikia. Nakataa tu."

Akavua koti, akachukua jembe na kuanza tuta la pili. Alikata mashina mawili ya tangawizi pamoja na magugu kabla sijamwambia aache, akae, tunywe chai.