Houefa na Plagi Tatu za Mwenyekiti

Saa nne asubuhi, pikipiki ya mwenyekiti imesimama katikati ya watu kama bibi harusi aliyegoma kuingia ukumbini. Zinsou Kpatinde, mwenyekiti wa madereva wa zem, bodaboda za huku, katika njia panda ya soko la Bohicon, amepiga kiki hadi kiatu kimemtoka. Injini haikohoi hata kidogo.

"Jana ilikuwa inanguruma vizuri," anasema, akifuta jasho kwa ukosi wa shati lake la kazi lenye namba. "Nimebadilisha plagi tu. Plagi mpya kabisa. Sasa imeninunia."

Mafundi wawili wameshapita hapa. Wa kwanza alifungua kabureta, akaipuliza, akaifunga, akaondoka bila kuaga. Wa pili ni Cossi, ambaye soko zima linamjua kwa kutaja bei kabla ya kusalimia. Ameigusisha plagi kwenye injini, akapiga kiki atazame cheche. Hakuna. Mwenyekiti akamtolea mpya ya pili mfukoni, kisha ya tatu. Hakuna.

"Plagi mpya tatu haziwezi kufa siku moja," Cossi anatoa hukumu. "Koili imeungua. Andaa faranga elfu kumi na nane."

Ndipo dereva mmoja, kwa kutafuta kicheko, anasema aitwe Houefa.

Houefa Gandonou ana miaka 34, na banda lake liko ng'ambo ya barabara. Amekaa hapo miaka sita akiziba matairi. Siku njema huingiza faranga elfu mbili na mia tano. Siku ya mvua, hata mia tano ni bahati. Injini alijifunza miaka minne kwa fundi mkuu wa Abomey, na siku ya kufuzu alipakwa poda shingoni, akazungushwa mtaani kwa ngoma kama wenzake wa kiume.

"Mama alikopa mpaka sahani za kupakulia wageni," ananisimulia nikiandika. "Halafu nikafika hapa, nikawa mtu wa pancha. Injini wanapita nazo mbele yangu, wananipungia mkono."

Anavuka barabara taratibu, bisibisi kiunoni, bangili zikilia mkononi.

"Chuma cha Gu hakipendi mkono wenye bangili," Cossi anamchokoza. Hapa mungu Gu ndiye mwenye chuma chote, kuanzia jembe hadi treni.

"Mkono usio na bangili umekaa nacho tangu asubuhi," Houefa anamjibu. "Kimekupenda?"

Watu wanacheka. Mama Sessi, muuza akassa, madonge ya unga wa mahindi, anasogeza beseni lake karibu asipitwe na neno.

Mwenyekiti hacheki. Anataka kazi, na anataka heshima yake. "Dada, tusikilizane mbele ya watu. Ikiwaka kabla Mama Sessi hajamaliza kuuza beseni lake, pikipiki zote arobaini na mbili za kijiwe hiki zitatengenezwa kwako, injini na yote. Isipowaka, habari ya injini usiifungue tena hapa."

Houefa anatazama beseni. Limebaki nusu, na kuna foleni.

Hagusi spana. Anachuchumaa, anavuta waya wa plagi, anakagua kofia yake, kisha anauliza, "Kaka Zinsou, plagi ya zamani iko wapi? Niirudishe tuone kama cheche ipo."

"Haipo. Iko kwa Gu."

Hakuna anayeshangaa. Chuma kilichotumika hupelekwa kwenye rundo la Gu, na kikishafika huko hakuna mkono unaokirudisha. Cossi mwenyewe anatikisa kichwa kukubali. Lakini Houefa hainuki.

"Na hizi mpya? Zilipita kwa Gu kwanza?"

Mwenyekiti anatazama viatu vyake. "Zilipita. Zote tatu. Mtu anaweka chuma kipya bila kumwonjesha mwenyewe?"

Houefa anaishika plagi moja, anaipeleka puani kama mtu anayechagua samaki, kisha anaichokonoa ndani kwa sindano ya kushonea tairi. Pembeni mwa kile kigae cheupe linatoka donge la njano. Unga wa mahindi, mawese, na maji ya baraka. Juu imefutwa hadi inameta. Ndani imeshindiliwa kama kibuyu cha dawa.

"Umeme ukifika hapa unazama kwenye huu uji," anasema, akiwaonyesha. "Cheche itarukaje?"

"Nilitaka baraka ifike mpaka ndani," mwenyekiti anasema kwa sauti ndogo.

Kicheko kinapasuka. Houefa angeweza kukiacha kiendelee. Miaka sita ya kupungiwa mkono ilikuwa inamdai. Badala yake anainua kiganja.

"Msimcheke. Amefuata mila ya kwao, na kwetu pia ni hiyo hiyo. Gu umpake kwenye fremu, kaka, umpake kwenye spana. Plagi ina mdomo mdogo. Usiilishe."

Anaosha plagi zote tatu kwa petroli na mswaki, anazipuliza kwa pampu ya baiskeli hadi zikauke. Anaigusisha moja kwenye injini. Kiki. Cheche ya buluu inaruka, na Mama Sessi, ambaye hana anachojua kuhusu injini, anasema, "Hiyo hapo." Houefa anaikaza, anapiga kiki. Kimya. Anapiga tena. Pikipiki inanguruma, na moshi unamwendea Cossi usoni.

Kwenye beseni zimebaki akassa kumi na moja. Mama Sessi amezihesabu kwa sauti, kila mtu asikie.

"Bei gani?" mwenyekiti anauliza.

"Faranga mia tano. Na ulichosema, ukirudie kwa sauti."

Mwenyekiti anakirudia, amesimama juu ya tanki la maji la soko, akimtaja fundi kwa jina lake na la baba yake: Houefa, binti Gandonou, fundi injini.

Saa nane mchana foleni ya kwanza ya pikipiki imeshajipanga bandani kwa Houefa. Baadaye kidogo Cossi anapita, mikono nyuma, na kumwekea Houefa plagi moja mezani. "Hebu ninusie na hii," anasema, kama anayeomba chumvi.

Houefa anainusa, anamwambia ni moshi wa oili tu, kisha ananiongoza hadi kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya banda. Mwenye kiwanja anataka kodi ya faranga elfu tisa kwa mwezi. Mpaka jana, kwa mtu wa pancha, wazo hilo lilikuwa kichekesho.

Anakipima kwa miguu yake: hatua kumi na nne kwa tisa.

"Hapa benchi la injini. Pale zinazosubiri," anasema. "Pancha zangu nitampa Cossi. Ana mkono mzuri, mradi asalimie watu kwanza."