Walivyomwingiza baba mkubwa kwa njia ya nyuma ili okestra isisumbuliwe (Kakamega, miaka ya 90)

Wakuu, hamjambo wote humu ndani.

Juzi jamaa aliuliza kama kuna mtu hapa amewahi kuona okestra kamili ya wazungu, live, nje kwenye nyasi. Watu wakamcheka. Mimi nimewahi, Kakamega, upande wa Mukumu. Na mpaka leo fidla zikianza kwa redio nazima.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, sijatia chumvi.

Wakati huo nilikuwa Marsabit. Nilikuwa nimemaliza form four, nyumbani sikuona la kuningoja, nikaanza kutangatanga. Kazi yangu ilikuwa kupakia ng'ombe kwenye malori.

Asubuhi moja mwenye hoteli akafungulia redio, ule wakati wa matangazo ya vifo. Vijana hamtaelewa. Hatukuwa na simu. Msiba ulikukuta umeshika kikombe cha chai, mbele ya watu usiowajua.

Nikasikia jina la Ambani. Halafu majina ya ndugu, na langu mwisho: "aliye kaskazini, popote alipo."

Ambani alikuwa kaka mkubwa wa baba. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo aliyenilea ni yeye na mkewe, mama Rasoa.

Nikapanda juu ya lori la ng'ombe, nimekalia vyuma, pembe zikinigusa nyayo. Vumbi mpaka Isiolo. Isiolo nikapata lori la viazi hadi Nakuru, Nakuru nikaomba lifti kwenye la mbolea hadi Kakamega, kupitia Webuye. Nilipoona miwa ya Kabras nikalia hapo juu ya magunia, mahali hakuna mtu wa kuniuliza una nini.

Haraka yangu ilikuwa moja. Kwetu Isukha, mwili ukitoka mochari, isukuti, ngoma zetu, inaupokea barabarani, pale njia ya kwenda nyumbani inapoanzia. Ngoma mbele, wanaume wanaimba na kukimbia, gari nyuma, mpaka getini. Wanawake walio bomani wakisikia ngoma inakaribia ndipo wanajua mwenye nyumba anarudi, na mjane anatoka kumlaki.

Inafanyika mara moja tu. Akishaingia, ameingia.

Sasa Ambani mwenyewe ndiye aliyekuwa mpigaji. Hakuna boma pale kwetu ambalo hakulipelekea mtu wake kwa ngoma. Mama Rasoa aliponiona hakuniuliza nilikotoka. Alisema, "Kesho wanamleta. Mimi sitaki tenti kubwa, sitaki ng'ombe wengi. Nataka nimsikie akitoka barabarani."

Hilo tu.

Kesho yake, mimi na wapigaji tukashuka hadi njia panda kungoja pikapu. Mkubwa wao alikuwa Likhanga, rafiki wa Ambani tangu utoto, mzee wa maneno mengi. Pikapu ikafika na jeneza. Tukainua ngoma.

Baba mdogo Mukabana akatokea mbio, ameinua mikono. Huyu ni mdogo wake Ambani, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na pia alikuwa kwenye bodi ya shule iliyo pale pale njia panda. Siku hiyo alikuwa na suti na ua kwenye koti.

"Wazee, ngoja kwanza," akasema. "Shule iko na wageni. Okestra kutoka Ulaya. Wanapiga hapo uwanjani, na wametaka kimya kabisa."

Ilikuwa August. Kwao ni summer, wanafunzi wa muziki walikuwa wakizunguka kupiga nje, mahali pa wazi.

"Mzungu akipiga ni muziki, Likhanga akipiga ni kelele," Likhanga akasema. "Sawa, bwana bodi."

"Si hivyo, mzee wangu. Ni saa moja tu. Ingieni mkae, msikilize bure kabisa. Wakimaliza nitakuja kuwaita mwenyewe, tumchukue mzee kwa ngoma mpaka nyumbani."

Mkubwa akishasema hivyo mbele ya jeneza, nani atabishana? Tukaingia, pikapu na dereva wakabaki njia panda. Askari wa geti akasema ngoma haziingii, akazifungia kwenye kibanda chake.

Mgeni rasmi akachelewa, kama kawaida ya wageni rasmi. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya viti vya plastiki, mawingu yakikusanyika upande wa msitu.

Kisha wakaanza.

Wakuu, siwezi kudanganya hapa. Walikuwa wazuri. Fidla nyingi zikitembea pamoja kama mkono mmoja, na zile kubwa zinazoshikwa katikati ya magoti zikinguruma chini. Nilikuwa na siku nyingi za vumbi mwilini na msiba kifuani, na ule muziki ukaingia mahali nilipokuwa nimefunga.

Likhanga alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, wa ngoma kubwa za shaba nyuma kabisa.

"Huyu anangojanga sana," akaninong'oneza. "Tangu tukae amepiga mara ngapi? Anakula mshahara wa bure."

Baadaye yule mtu akapiga kweli kweli, mpaka nyasi ikatetema. Likhanga akatikisa kichwa. "Lakini akipiga, anapiga."

Tulicheka. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Tulikuwa tunacheka.

Watu wakapiga makofi, wakaongezewa wimbo, wakaongezewa mwingine. Mukabana hakuja kutuita. Tukaenda wenyewe, tukadai ngoma zetu kwa askari, tukatoka hadi njia panda.

Pikapu haikuwepo.

Tulikimbia. Mimi nilijua kabla hatujafika. Dereva alikuwa amechoka kungoja, na Mukabana badala ya kutuita akamwelekeza kijia cha shambani, katikati ya miwa, ili wasipite mbele ya uwanja. Mama Rasoa alikuwa amesimama geti la mbele, macho barabarani, anasikia fidla za watu. Mumewe akaingizwa nyuma yake, kimya, kama mwizi wa kuku. Aligeuka akakuta jeneza liko kwenye meza.

Tulipofika alikuwa amekaa chini kando yake.

"Ngoma ilikuwa wapi?" akaniuliza.

Mukabana akamwambia Likhanga apige sasa, kwani kuna ubaya gani. Likhanga akaweka ngoma chini.

"Namkaribishaje mtu ambaye ameshakaa?"

"Mzee, mfu hasikii," Mukabana akasema.

Mama Rasoa akainua kichwa. "Mimi nilikuwa nasikia, shemeji."



Ngojeni, bado. Asubuhi ya mazishi wakaja wageni wachache wa ile okestra kutoa pole, na mama mmoja aliyekuwa akiwaongoza kwa kijiti. Mwalimu wa muziki akitafsiri. Yule mama alikuwa amesikia habari shuleni na uso ulikuwa mwekundu.

Akauliza, "Kwa nini hakuna aliyetuambia? Tungesimama tumpishe apite."

Hawakuomba kimya. Hawakujua hata kuna maiti njia panda. Kimya kilitengenezwa na mtu wetu, kwa kudhani kwamba ndivyo wazungu wanavyotaka. Na Mukabana alikuwa hapo hapo, anatabasamu, anasema, "No problem, madam, no problem."

Likhanga alipiga kaburini, kwa ajili ya mama Rasoa. Mimi sikuimba.

Kwetu baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Ukoo unakaa, mwenye neno analitoa hadharani. Nikasimama nikalitoa, lote.

Mukabana akasema, "Wewe ni mtu wa malori. Utatufundisha boma wewe?"

Wazee wakaniambia nikae chini, mambo yameisha, tusiharibu umoja. Mama Rasoa alikuwa palepale, kichwa kimenyolewa, hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Sikukaa. Nikachukua begi langu.

Mama Rasoa alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwambia twende wote, tutaishi huko huko. Akanishika mkono.

"Wewe uko na miguu," akasema. "Mimi niko na kaburi hapa."

Nikapanda lori la miwa linaloelekea Kabras. Nimezunguka nchi hii yote tangu hapo, na boma lile sijawahi kulikanyaga tena.

Nilichojifunza: anayekudharau mbele ya mgeni mara nyingi si mgeni. Ni ndugu yako mwenye suti.

Wenyeji wa Isukha na Idakho mlioko humu, naomba mniambie. Mtu akishaingizwa kimya, kuna namna ya kurudia? Nimeuliza wengi, kila mmoja hubadilisha mazungumzo.